Tulipombadilishia Qabale Maji ya Damu

Siku yangu ya kwanza kazini Metroni alinipa mgonjwa mmoja tu. Alikuwa mzee wa Kiturkana aliyelala kitanda cha mwisho katika wodi ya wanaume, karibu na dirisha, na kazi yangu ilikuwa kumpima mapigo ya moyo na kuleta jibu. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi juzijuzi tu, sare yangu ingali na mikunjo ya dukani. Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake, nikatazama saa, nikahesabu. Mapigo yalikuwa mazuri, ya taratibu. Nikaenda kumwambia Metroni.

Metroni alikuwa Mmeru mrefu mwenye sauti ya chini, na nilipomzoea nilijua kwamba hakuwahi kuipandisha hata akikasirika. Alinifuata hadi kitandani, akamtazama yule mzee, kisha akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Umesikia nini?"

"Mapigo, Metroni. Ya kawaida."

"Huyu alituacha tangu alfajiri. Tunangoja watu wa mochari. Hayo ni mapigo yako mwenyewe, msichana. Ukibonyeza sana kidole, unajisikia wewe."

Sijui kama alinipeleka pale makusudi. Sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimesimama kando ya maiti, jua la asubuhi likiingia dirishani, nikihesabu uhai uliokuwa wangu nikidhani ni wake.

Naitwa Sahra. Baba wa babu yangu aliletwa Isiolo akiwa askari wa wakoloni, akapewa mahali pa kukaa, na wajukuu wake wakawa watu wa maduka na malori. Baba yangu alikuwa na lori la kubeba mifugo. Alitaka niolewe na mwenye lori jingine, mimi nikataka uuguzi, na baada ya kunung'unika kwa muda akanipeleka chuoni yeye mwenyewe kwa lori hilohilo, mbuzi wakiwa nyuma. Ninaandika haya kwa ajili yenu wauguzi vijana, mnaoniuliza kila tunapokutana kazi ilikuwaje zamani. Zamani yangu si ya mbali sana. Mambo mengi nitakayosimulia yalifanyika juzi, kwa mashine ambazo bado mnazitumia.

Kutoka wodi ya wanaume nilihamishiwa Merti, kwenye kituo cha afya. Huko Klinikal Ofisa ndiye alikuwa daktari, mkunga, na wakati mwingine dereva. Wafugaji walituletea wagonjwa kutoka Korbesa na mbali zaidi, na mara nyingi walikuwa wameshaamua ugonjwa ni nini kabla ya kufika: jini, jicho la mtu, au laana ya ukoo. Mimi, niliyetoka chuoni na mambo yangu ya vitabuni, nilikuwa mwepesi wa kubisha. Siku moja Klinikal Ofisa alinivuta kando.

"Mgonjwa akikuambia ameona kitu, usimwambie hakuna kitu," alisema. "Muulize kiko upande gani. Halafu mpime joto."

Nilifuata ushauri huo Merti, nikaenda nao Garba Tulla, nikarudi nao Isiolo mjini. Hospitali ilipoanzisha kitengo cha figo, nilikuwa miongoni mwa waliopelekwa Nairobi kusomea kazi ya mashine za kuosha damu. Niliporudi nilikuwa mtu mzima mwenye miwani, na katika kitengo hicho nikakaa hadi nilipostaafu.

Kuosha damu ni kazi ya utulivu kuliko watu wanavyodhani. Damu inatoka mwilini kwa mrija, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mrija mwingine. Mgonjwa analala, mashine inanguruma kidogo, na wewe unatazama namba. Baada ya miaka kadhaa tulipata mashine mpya, na pamoja nayo akaja Daktari wa Figo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba kwa kubadilisha chujio, mashine ile ingeweza kufanya kazi nyingine kabisa.

Damu, ukiiacha itulie ndani ya chupa, inajitenga. Chini zinakaa chembe nyekundu, juu yanabaki maji ya manjano, yenye rangi ya samli iliyoyeyuka. Hayo maji ndiyo plazma. Chujio maalumu linaweza kuyatenga na chembe huku mgonjwa akiwa hai kitandani: chembe zake zinarudishwa, maji yake yanakwenda kwenye mfuko, na mahali pake tunaweka maji ya damu ya watu wengine waliojitolea, yaliyohifadhiwa kwenye barafu na kuyeyushwa. Tunaita kubadilisha plazma. Mfuko ukijaa unatupwa. Unaweza kubadilisha karibu maji yote ya damu ya mtu kwa kikao kimoja, na yeye yupo, anaongea nawe.

Qabale aliletwa kutoka Korbesa kwa Land Cruiser, wakati wa kiangazi, pamoja na mama yake. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, mfanyabiashara wa mbuzi, na watu wa soko la mifugo hapa mjini walimjua kwa jina. Alikuwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, ile tezi ndogo iliyo mbele ya koo ambayo hutoa homoni ya kuuambia mwili uende mbio kiasi gani. Yake ilikuwa imevimba na kutoa homoni bila breki. Alikuwa amepewa vidonge vya kuituliza, na vidonge hivyo, kwa bahati mbaya inayowapata watu wachache sana, vikamaliza chembe nyeupe za damu yake, zile zinazopigana na maradhi. Koo likajaa vidonda, homa ikapanda. Ilibidi dawa isimamishwe. Na dawa iliposimamishwa, tezi ikafunguka kama boma lililovunjwa lango.

Nilimkuta wodini adhuhuri. Kitanda chake kilikuwa peke yake, kwa sababu wanawake wengine walikuwa wameomba kuhamishwa. Nilimuuliza mmoja wao kwa nini.

"Anatuangalia akiwa amelala," alisema, wala hakugeuka kutazama upande ule.

Ilikuwa kweli. Ugonjwa ule husukuma macho nje, hata kope zisiweze kukutana. Qabale alikuwa amesinzia, na macho yake yalikuwa wazi, makubwa, yanang'aa, yameelekea mlangoni. Nilipomkaribia nilihisi joto lake kabla ya kumgusa. Mishipa ya shingo ilikuwa inarukaruka, na kitanda cha chuma kilikuwa kinatetemeka pamoja naye, kwa sauti ndogo ya kugongana usiyoisikia mpaka uisikilize. Halafu, bila kope kusogea, macho yakahama kutoka mlangoni yakaja usoni kwangu.

"Nimekungoja," alisema.

Nilikuwa sijawahi kumwona maishani. Nikakumbuka Merti, nikampima joto.

Daktari wa Figo alituita ofisini. Alisema dawa za kutuliza moyo hazitoshi. Kumpeleka Nairobi hakuwezekani, moyo wake ungesimama kabla ya Nanyuki. Kumpasua na kuitoa tezi ndiyo tiba, lakini ukimpasua mtu akiwa katika hali ile anakufa mezani. "Homoni imeshikana na protini za plazma," alisema. "Tukitoa plazma, itatoka nayo. Lakini nyingine imejificha kwenye nyama ya mwili, itarudi polepole kwenye damu. Tunapata siku moja, labda mbili, kila tukifanya. Tutarudia mpaka chembe nyeupe zipande na mpasuaji afike kutoka Meru."

Mama yake Qabale alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunga shuka nyeupe, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Tulipomweleza alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hiyo maji mnatoa, iko na nini ndani?"

"Ina ugonjwa, mama," nilisema.

"Ugonjwa pekee?"

Nikasema ndiyo.

Tulianza mchana. Mrija tuliuweka kwenye mshipa mkubwa wa kinena, maana shingo haikuguswika. Damu ilipoanza kuzunguka Qabale alikuwa akiongea bila kupumzika, Kiborana na Kiswahili vikichanganyika: bei za mbuzi, majina ya watu, njia ya Gotu, nani anadanganya na nani haaminiki. Mfuko ukaanza kujaa. Midomo yake ikaanza kuwasha, jambo la kawaida, kwa kuwa dawa ya kuzuia damu isigande huvuta madini ya chokaa, nami nikamwongezea kwa dripu. Maneno yakapungua. Kitanda kikaacha kugonga. Sikujua kelele ile ilikuwa imetukaa masikioni kiasi gani mpaka iliponyamaza.

Nilipobadilisha mfuko wa kwanza niliushika kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto la mwili wa mtu na uzito wa mtoto mchanga.

"Mama," Qabale akasema. "Hapa ni wapi?"

Mama yake aliyekuwa ameketi kando alisimama ghafla, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Ilikuwa sauti nyingine, nyembamba, yenye aibu. Nilitazama namba za mashine, zote zilikuwa sawa.

"Ni nini, mama?" nikamuuliza yule mzee.

"Huyu ndiye nilizaa," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu sijaona tangu bwana yake akufe."

Akarudi akamshika mwanawe mkono, lakini taratibu, kama mtu anayeshika kitu asichokuwa na hakika nacho.

Jioni ile Daktari wa Figo alimweleza Qabale habari ya upasuaji, naye akakubali mara moja, akaweka kidole kwenye fomu ya ridhaa. "Fanyeni haraka," alisema, "kabla hajarudi."

"Nani?" Daktari akauliza.

"Yule anatembea."

Nilipokuwa nikiipeleka mifuko kwenye chumba cha taka, mama yake alinifuata ukumbini. Alitaka kujua tunaimwaga wapi. Nikamwambia haimwagwi, inachomwa kwenye tanuri la hospitali. Akaniomba tusiichome wakati upepo unavuma kuelekea kwao. Nilimwambia upepo wa Isiolo huvuma unavyotaka. Hakuona kwamba hilo ni jibu.

Siku iliyofuata, saa za chakula cha mchana, nilisikia kitanda kinagonga tena. Nilimkuta Qabale ameketi, miguu chini, macho yanawaka. Homoni ilikuwa inarudi kutoka mwilini, kama tulivyoambiwa. Nilijua hivyo. Hata hivyo nilisimama mlangoni kabla ya kuingia.

"Jana mlikuwa mnaongea na nani?" aliniuliza.

"Na wewe."

"Si mimi. Yule amekubali kukatwa hanijui. Msinitoe tena, Sista. Yule mwingine ni mwoga. Mimi ndiye nimelisha watoto."

Daktari alipokuja Qabale alikataa kuguswa. Ndipo mama yake alipotuambia mambo ambayo hatukuyajua. Qabale alikuwa binti mpole asiyeinua macho. Mumewe alipofariki, shemeji zake wawili walikuja wakachukua mifugo yote, na yeye akawatengenezea chai. Miezi michache baadaye alibadilika. Alianza kuamka na kutembea, hachoki, hasikii baridi wala njaa. Alikwenda kwa wazee, akasema mbele ya wanaume, akawatazama shemeji zake mpaka wakashindwa kumtazama, akarudisha mbuzi wake wote. Akaanza kuwapeleka sokoni mwenyewe.

"Mimi nilisema Mungu amejibu," mama alisema. "Sasa mnaniambia ni ugonjwa."

Daktari alinitoa nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Kidole aliweka akiwa na akili zake timamu," alisema. "Sheria iko upande wetu. Lakini sitamfunga mtu kamba kwenye mashine yangu."

"Moyo utangoja?"

"Hapana. Hadi kesho, labda." Akanitazama. "Sahra, wewe unaongea na watu. Ongea naye."

Nilirudi nikaketi kitandani, jambo tulilokatazwa chuoni. Joto lake lilinipiga ubavuni. Sikumwambia kwamba ni homoni. Nilimuuliza anaogopa nini.

"Siogopi. Yule ndiye anaogopa. Mkiniondoa, hao watu watarudi, na yeye atawapikia chai."

"Na ukibaki?"

Aliweka mkono juu ya kifua chake, pale shuka ilipokuwa ikiruka, akauacha hapo muda mrefu. Alikuwa mfanyabiashara. Nadhani alikuwa anapima.

"Nikibaki watoto wanakosa sisi wote wawili," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia mama yake, akaanza kumpa maagizo kwa Kiborana, haraka haraka, na mama akawa anarudia kila neno kwa sauti. Mimi nilielewa mengi. Alimwagiza ampe salamu yule mwingine. Amwambie mbuzi wenye alama ya sikio wasiuzwe. Amwambie shemeji wakija asisimame, asianze yeye kusalimia, asijaze ukimya wao kwa maneno. Na asiangalie chini, hata kama ndani anakufa.

Aliposikia mama yake amerudia yote bila kukosea, alilala chali, akasogeza mguu tuupate ule mrija.

"Haya," aliniambia. "Lakini usinitazame nikienda."

Nilifungua mashine nikageuza uso. Muuguzi hatakiwi kugeuza uso, na namba nilikuwa naziona kwa pembeni, lakini uso wake sikuutazama. Nilisikia maneno yakipungua, kisha kitanda kikanyamaza. Mgongoni nilihisi ubaridi ukiingia chumbani, mchana wa Isiolo, madirisha yote wazi.

Tulirudia siku zilizofuata kila homoni ilipopanda. Yule anayetembea hakupanda tena kufikia pale pa kuongea. Sisi tulisema ni kwa sababu tuliwahi mapema. Mama yake alisema ametimiza neno lake. Chembe nyeupe zikaongezeka, mpasuaji akafika, tezi ikatolewa, na Qabale akaamka na bandeji shingoni na mapigo ya moyo kama yangu na yako.

Shemeji walikuja kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Wanaume wawili wenye heshima zao, kofia safi, wamebeba maziwa. Bila shaka walikuwa wamesikia kwamba kile kitu kimetolewa. Nilikuwa nikibadilisha dripu. Waliingia wakasimama mwisho wa kitanda, na ilikuwa dhahiri kwamba wamekuja kuangalia aliyebaki.

Qabale hakusimama, wala hakusema neno. Tezi ilikuwa imetoka, lakini macho hayarudi upesi ugonjwa ule ukiyashika, mengine hayarudi kabisa. Yalikuwa yaleyale, makubwa, kope mbali na mboni. Aliyaelekeza kwao. Chini ya shuka mkono wake ulishika wangu, umelowa jasho, baridi kama chuma, nao ulitetemeka kwa woga mtupu. Juu ya shuka hapakuwa na kitu ila macho.

Ukimya ulikuwa mrefu. Mkubwa wao akajikohoza.

"Salaam aleikum," akasema hatimaye.

"Aleikum salaam," akajibu Qabale, akanyamaza tena.

Waliweka maziwa chini. Waliuliza hali ya watoto, wakamwombea afya, wakaaga. Walipofika mlangoni yule mdogo aligeuka kutazama, akakuta bado anatazamwa, akaongeza mwendo. Viatu vyao vilipopotea ukumbini Qabale aliachia mkono wangu na kulia bila sauti.

"Hawajui," alinong'ona. "Sista, usiwaambie."

Sikuwaambia. Nilifanya kazi hospitalini miaka mingine kadhaa, nikafundisha wauguzi mashine ile, nikabadilisha plazma za wengine, nikastaafu. Siku ya kuniaga, Daktari wa Figo, ambaye sasa alikuwa mkuu wa kitengo, alitoa hotuba fupi kuliko zote. Alisema nilikuwa najua kuketi na wagonjwa. Nilifurahi, maana chuoni ningeadhibiwa kwa hilo.

Vijana huniuliza nilichoona mchana ule. Mimi huwajibu kama nilivyofundishwa: homoni nyingi mno humgeuza mtu, ubongo ukiwemo, na ikitolewa anarudi alivyokuwa. Ninaliamini. Lakini huwaambia pia waushike mfuko kabla ya kuupeleka kwenye tanuri. Si kwa sababu ya majini. Ni kwamba tunachokitoa kwa mtu, hata kikiwa ndicho kinachomuua, huenda kilikuwa kinamfanyia kazi fulani, na ni vizuri kumuuliza atafanyaje bila hicho. Mengine nayaacha. Nimezeeka, na joto lile la mikononi bado sijapata pa kuliweka.

Idd iliyopita nilikwenda sokoni kununua mbuzi. Qabale alikuwepo, amenenepa kidogo, amejifunga kitambaa kuficha kovu la shingo. Anameza kidonge kila asubuhi, cha kuchukua nafasi ya tezi. Biashara inaendelea. Alinichagulia mbuzi, akabishana na mwenzake kwa niaba yangu, si kwa haraka, akasubiri hadi yule akapunguza bei.

Nilimuuliza kama huwa anamkumbuka yule mwingine, yule aliyekuwa akitembea.

Alifikiri. "Mwanzoni nilipotoka hospitali, nikifika kwa wanunuzi nilikuwa nangoja aongee," alisema. "Nangoja, nangoja, haongei. Basi nikaanza kuongea mimi."